Bei za nyumba Entebbe, mtaa kwa mtaa: ulizeni kyapa (hati ya ardhi) kwanza, vyumba baadaye

Mkazi wa Katabi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za watu wanaotafuta nyumba Entebbe zimekuwa nyingi humu, na karibu zote zinaishia kwenye ugomvi. Mmoja anasema nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi milioni 150 za Uganda. Mwingine anamcheka na kubandika tangazo la milioni 600. Wa tatu anaapa kaka yake alinunua kwa 90. Inawezekana wote watatu wanasema kweli, kwa sababu hakuna aliyetaja hati. Entebbe unaweza kukuta nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, kwa ramani moja, na bei ya moja ikawa mara mbili ya nyingine kwa ajili ya karatasi tu.

Kwa wasioujua mji: Entebbe ni rasi. Ziwa limeizunguka pande tatu, na kule mwisho kumechukuliwa na uwanja wa ndege. Ukiondoa Ikulu, bustani ya mimea ya tangu 1898, kambi za jeshi na kituo cha Umoja wa Mataifa, raia wa kawaida anabaki na ukanda mwembamba. Ndiyo maana bei zake zina tabia ya mji wa kisiwani: ardhi haiongezeki, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe.

Waingereza waliufanya makao yao makuu tangu miaka ya 1890 hadi uhuru wa 1962. Watalii wanaisimulia kama historia ya majengo, lakini kwa mnunuzi ni historia ya hati. Mji wa zamani ulikuwa ardhi ya serikali ya kikoloni, ikaja kuwa ardhi ya umma, na watu wakapewa lizi, yaani haki ya kukodi ardhi kwa miaka maalumu. Ukitoka nje ya mji wa zamani kuelekea Kampala unaingia kwenye mailo, ile ardhi ya milki ya kudumu iliyogawiwa kwa Mkataba wa Buganda wa 1900, na juu ya mailo hiyo kuna watu wa bibanja waliokaa vizazi (kibanja ni kipande unachokalia bila hati juu ya ardhi ya mwenye mailo). Kwa hiyo unaposhuka barabara kuu kutoka Kisubi hadi Kitooro, unapita kwenye sheria tatu tofauti bila kuona kibao hata kimoja.

Sasa mitaa, kwa jinsi ninavyoijua.

Mji wa zamani, yaani Nsamizi na zile barabara zenye miti mikubwa karibu na Ikulu, kushuka hadi Bugonga. Viwanja ni vikubwa, bungalo za kikoloni zenye varanda bado zipo, hewa nzuri, usiku kimya. Bei ni ya juu kuliko kote na mara nyingi inatajwa kwa dola. Hapa hununui nyumba, unanunua uwanja na ukimya. Bungalo yenyewe mara nyingi inabomolewa ili zipande ghorofa za kupangisha. (Na tumbili. Dalali hatawataja, lakini ukiacha dirisha la jiko wazi watakutembelea kabla ya majirani.) Swali la kuuliza huku ni moja: lizi imebakiza miaka mingapi?

Kitooro na Kiwafu ndipo mji unapoishi. Soko, stendi ya teksi, baa, makanisa, msikiti, mafundi, kila kitu kwa miguu. Viwanja ni vidogo, nyumba zimebanana, na wenye nyumba wengi wamejaza ua kwa mizigo, vile vyumba vya mstari mmoja vya kupangisha. Mtu anayetaka bustani atalia. Anayetaka kodi ya kila mwezi atafurahi, maana chumba Kitooro hakikai tupu.

Nakiwogo na Kigungu ni mialo ya wavuvi. Nakiwogo ndiko inakotia nanga feri ya Kalangala, mji wa visiwa vya Ssese. Kigungu ndiko walikotua wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Februari 17, 1879, na mahujaji bado wanaenda. Kwa miaka mingi palikuwa pa bei nafuu, kisha watu wenye pesa wakagundua kuna mandhari ya ziwa. Leo utakuta ukuta wa jumba la kifahari umeshikana na kibanda cha kukaushia mukene, yaani dagaa. Ndege zinapita juu ya kichwa, na mamlaka ya anga ina kauli yake kuhusu urefu wa jengo, kwa hiyo ndoto ya ghorofa nne uiulizie kabla.

Katabi, Abayita Ababiri, Kitala, Nkumba. Hii ndiyo Entebbe ya watu wa mshahara. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe (Expressway) ilipofunguliwa 2018, ikatokea Mpala karibu na Abayita, huku kukabadilika. Mtu anafanya kazi Kampala na analala huku, japo tangu 2022 analipia tozo. Kila tangazo la kiwanja sasa linasema "dakika tano kutoka Expressway". Dakika tano za boda usiku wa manane, labda. Nkumba ina chuo kikuu, kwa hiyo upande ule nyumba za wanafunzi nazo zimepandisha ardhi. Vipande ni vikubwa kuliko vya Kiwafu kwa pesa ileile, lakini huku ndiko kibanja na mailo vinapochanganywa, na hapa ndipo watu wanalizwa.

Nikipanga kutoka ghali kwenda nafuu: mji wa zamani, kisha kando ya ziwa palipo na hati safi popote pale, kisha Kiwafu na Kitooro, kisha Katabi na Abayita, kisha Kitala na Nkumba za ndani. Lakini mpangilio huo unapinduka mara moja ukiweka kyapa mezani.

Kwa hiyo hesabu yangu mimi huwa hivi. Tuseme umeletewa nyumba mbili, zote milioni 280. Ya kwanza iko Kiwafu, kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani kama desimali 12 (desimali 100 ni ekari moja). Ya pili iko Nkumba, desimali 25. Mwite mthamini au fundi unayemwamini, akwambie jengo lenyewe lingegharimu kiasi gani leo kwa hali lilivyo. Tuseme yote mawili ni milioni 160. Ardhi imebaki 120. Kiwafu umelipa milioni 10 kwa kila desimali, Nkumba milioni 4.8. Sasa angalia hati: ya Kiwafu ni lizi iliyobakiza miaka 22, ya Nkumba ni mailo yenye kyapa cha jina la muuzaji. Bado unaona zina bei moja?

Kwenye lizi iliyobakiza miaka michache benki itasita kukukopesha, na siku ya kuiongeza utalipa tena. Kwenye kibanja benki nyingi hazitakusikiliza kabisa. Hizo ni gharama, ziandike kwenye bei.

Ongezeni na yenu. Mkipinga, njooni na hoja, matusi mwachie ndege wa Kigungu.

---

Mbukavu wa Kitooro

Ndugu, asante sana kwa haya. Mimi ni Mkongomani, niko hapa na familia tangu zamani, napanga Kitooro. Nataka kuacha kulipa kodi. Dalali amenionyesha nyumba Kitala, kibanja, anataka milioni 130. Anasema kwa sababu Congo sasa iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mimi ni sawa na raia, naweza kununua chochote. Ni kweli ama ni maneno tu?

---

Mkazi wa Katabi

Ndugu yangu, ni maneno. Congo iliingia Jumuiya 2022, lakini sheria ya ardhi ya Uganda inamtambua asiye raia kuwa ni yeyote asiye raia wa Uganda. Mkenya, Mtanzania, Mkongomani, wote kapu moja. Asiye raia hawezi kumiliki mailo wala frihodi (milki kamili isiyo na ukomo wa miaka). Anaruhusiwa lizi tu, isiyozidi miaka 99, na lizi ya miaka mitano au zaidi lazima isajiliwe. Kwa hiyo ukitoa 130 kwa kibanja, utakuwa umenunua risiti.

Wapo watakaokwambia ufungue kampuni. Kampuni ambayo wenye kauli ndani yake si raia nayo inahesabiwa si raia. Usihangaike huko.

Njia yako ni lizi, ama ya mji wa zamani ama lizi inayotolewa na mwenye mailo juu ya kyapa chake. Hiyo ya pili ipo na ni halali, mwanasheria wako aiandike na isajiliwe.

---

Dalali Mwenye Haya

Naomba nijitetee kidogo maana madalali tumegeuzwa mashetani humu 😅

Bei mnayoiona kwenye picha ya WhatsApp ina madalali wanne ndani. Mwenye nyumba ametaka 220, mpwa wake kaongeza 10, mimi wa hapa mtaani 10, wa Kampala 20, na wa Facebook akaweka ya kwake juu. Ndiyo maana nyumba ileile iko mtandaoni kwa bei tatu. Mkitaka bei ya kweli njooni mtaani, mkae na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mnywe chai, muulize nani anauza. Mwenyekiti anajua pia nani ana kesi.

Lakini mkazi, umeacha jambo moja. Kando ya ziwa hukusema mita 200.

---

Mkazi wa Katabi

Dalali uko sahihi, na ni kubwa. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Pima mita 200 kwa miguu kutoka maji ya Kigungu uone utaishia kwenye sebule za nani.

Na maji yenyewe hayana adabu. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata rekodi ya 1964. Fukwe za Entebbe zilizama, watu wakawa wanatoa magodoro kwa mtumbwi. Ukionyeshwa nyumba ya ufukweni iliyopakwa rangi mpya hadi kiunoni tu, uliza rangi hiyo inaficha nini. Waulize wavuvi, siyo majirani. Majirani nao wanataka kuuza.

---

Mama wa Kiwafu

Mwanangu mwanzisha uzi, umesema vizuri lakini Kiwafu umeipitia juu juu kama mtu aliyepita kwa gari.

Mimi nina mizigo pale ua wangu. Watu wa Nsamizi wanatucheka, tumebanana, lakini wao nyumba zao za dola zimekaa tupu. Kituo cha huduma cha UN kilipokuja 2010 kila mwenye kiwanja alijenga nyumba ya mzungu: jenereta, vyumba vya kujitegemea, kuta za nyaya. Wakapangisha kwa dola. Sasa misheni za kulinda amani zinapungua, huko Congo wamefunga vituo, na mpangaji wa namna ile akiondoka, nani atachukua nyumba ile kwa bei ile? Mwalimu wa Nkumba? Wangu ni wa boda, wa saluni, wa usafi uwanja wa ndege. Mmoja akitoka Jumatatu, Ijumaa yupo mwingine.

Kwa hiyo kama mtu ananunua ili apangishe, asilinganishe bei ya nyumba na nyumba. Alinganishe bei na kodi.

---

Mkazi wa Katabi

Mama, hapo umenipiga bao, na nakubali bila kinyongo. Tuiweke kwa namba basi.

Ile nyumba ya Nkumba ya 280. Tuseme inapangishwa milioni 1.2 kwa mwezi, yaani 14.4 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi, kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, ni asilimia 12 ya kinachozidi milioni 2.82. Toa: 14.4 kasoro 2.82 ni 11.58, asilimia 12 yake ni shilingi 1,389,600. Unabaki na milioni 13 na kidogo. Pesa yako inarudi baada ya miaka 21 na ushee, hujapaka rangi, hujaziba paa, na mpangaji hajakukimbia hata mwezi mmoja.

Na usidhani utakuwa unapandisha pango upendavyo. Sheria ya wapangaji na wenye nyumba ya 2022 inaweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka, na pango linatakiwa liwe kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine.

---

Mswahili wa Lamu

Kumbe ni yaleyale. Kwetu Lamu mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, Mji Mkongwe wa Unguja tangu 2000, na huko hata mlango hubadilishi hivihivi. Nyumba ya mawe inauzwa ghali, halafu matengenezo yanakula kama bei nyingine tena, kwa kuwa huruhusiwi kutia simenti na madirisha ya alumini utakavyo. Nikifika Entebbe nashangaa bungalo la miaka mia linabomolewa kwa wiki, watu wanapita tu na rolex zao (chapati za mayai) mkononi. Nyinyi mnauza kiwanja, sisi tunauza kuta.

---

Afande Mstaafu

Mimi mstaafu, nataka utulivu. Mbona hakuna anayesema Kalangala? Mji wa kisiwani wenyewe ndio ule. Nasikia ardhi ni rahisi.

---

Mkazi wa Katabi

Afande, shikamoo. Nafuu ipo, ila uielewe imetoka wapi.

Visiwa vya Ssese ni 84, na Bugala ndicho kikubwa chenye mji wa Kalangala. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki visiwani. Waliorudi baadaye walikuta ardhi kubwa ina hati za mailo za watu wasioishi huko. Kwa hiyo sehemu nyingi utakachouziwa ni kibanja juu ya mailo ya mtu uliyesikia jina lake tu. Kisha yakaja mashamba ya michikichi katikati ya miaka ya 2000, wafanyakazi wakaongezeka, na ardhi ya Bugala haikuwa tena ya bure kama wazee wanavyosimulia.

Halafu feri. Kutoka Nakiwogo ni kama saa tatu na nusu, safari moja kwa siku. Ile ya Bukakata kwenda Luuku, upande wa Masaka, ni fupi na haitozwi nauli, lakini uzunguke hadi Masaka kwanza. Kila mfuko wa simenti, kila bati, kila bawaba utakayoweka kwenye nyumba yako imevuka maji. Ardhi nafuu, jengo ghali. Na ukiugua usiku, afande, feri haina king'ora.

Kama ni wikendi na mjukuu, nunua. Kama ni kuishi na presha ya damu, kaa Katabi, ziwa utalitazama ukiwa Kigungu Jumapili.

---

Afande Mstaafu

Nimesikia kijana. Basi nipe utaratibu wa hiyo Katabi. Kifupi, macho yangu hayataki maandishi marefu.

---

Mkazi wa Katabi

Ukishaona nyumba, usitoe hata shilingi ya "kushikilia". Omba nakala ya kyapa, upeleke ofisi ya ardhi ya Wakiso ufanyiwe upekuzi: jina ni la nani, kuna kaveti (zuio la kuuza), kuna benki inadai? Kisha mpimaji afungue mipaka na aonyeshe mawe, kwa sababu kyapa kinaweza kuwa safi na kikawa cha kiwanja cha jirani. Kama muuzaji ameoa na familia inaishi hapo, mke lazima aridhie kwa maandishi. Ikiwa ni kibanja, mwenye mailo ndiye anayepaswa kupewa nafasi ya kwanza ya kununua, kwa hiyo apatikane na akubali. Risiti za busuulu, ile ada ya mwaka anayolipwa mwenye mailo, uzione kwa macho. LC1 na majirani wawe mashahidi, wala muhuri wao usikutoshe.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani atakayoitaja mthamini wa serikali, siyo ile mliyoandika kwenye makubaliano. Kwa nyumba ya 280 tenga 4.2, na mwanasheria juu yake.

---

Mbukavu wa Kitooro

Nimemwambia dalali wa Kitala kwamba nataka lizi iliyosajiliwa kutoka kwa mwenye mailo. Amesema mwenye mailo yuko London na hapokei simu.

---

Dalali Mwenye Haya

Yule ninamjua, na mwenye mailo hayuko London, yuko Mengo, hapo Kampala, na kila mwaka anakuja kuchukua busuulu. Ndugu, nitumie ujumbe nikupeleke mwenyewe. Komisheni tutaongea ukishasaini.